Mji Juu ya Mwamba Uliotobolewa: Historia ya Ngome ya Chini ya Ardhi ya Luxembourg

Mwamba na mito miwili

Mji wa Luxembourg, makao makuu ya nchi ndogo yenye jina hilohilo iliyobanwa kati ya Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji, umekaa juu ya uwanda wa mwamba uliozungukwa na mabonde ya mito miwili, Alzette na Pétrusse. Kwa maelfu ya miaka mito hiyo imeukata mwamba hadi ukawa na magenge yanayoshuka wima karibu pande zote, isipokuwa upande wa magharibi, ambako ardhi inaendelea tambarare na ambako, kwa sababu hiyohiyo, majeshi yaliyotaka kuuteka mji yalipenda kuanzia. Kwenye ukingo wa mashariki mwamba unachomoza kama ulimi mwembamba juu ya mto Alzette. Sehemu hiyo huitwa Bock, na ndiko mji ulikoanzia.

Jiwe la mwamba huo ni jiwe la mchanga, yaani mchanga wa bahari ya kale uliogandamana kwa mamilioni ya miaka. Ni laini kiasi cha kuchongeka kwa sururu na tindo, lakini ni imara kiasi kwamba likitobolewa kwa umbo la tao husimama lenyewe bila kuhitaji nguzo za mbao. Wahandisi wa kijeshi waliofika hapa kutoka Hispania, Ufaransa na Austria walikuta, kwa hiyo, mahali ambapo ngome ingeweza kukua kwenda chini kama ilivyokua kwenda juu. Walichokichimba huitwa kasemati: vyumba vyenye dari la tao, vilivyojengwa ndani ya kuta nene au kuchongwa kwenye mwamba, ili askari, mizinga na baruti vikae salama makombora yanapoanguka juu yake. Zilipofikia upeo wake, njia na vyumba vya chini ya mji wa Luxembourg vilikuwa na urefu wa kilomita 23, katika ngazi na ghorofa zilizopishana, na vingine vilishuka hadi mita 40 ndani ya mwamba. Kilomita 17 kati ya hizo zingalipo.

Kwa nini mji mdogo namna hii ulilundikiwa kuta na mashimo mengi namna hii? Sababu haikuwa utajiri wake, kwa maana haukuwa bandari wala soko kubwa. Sababu ilikuwa njia: anayetoka Ufaransa kuelekea mto Rhine, au anayetoka Italia kuelekea nchi za Uholanzi, alikuwa na faida kubwa akiushika mji huu, na hasara kubwa akimwachia mpinzani wake nyuma ya mgongo. Kila mtawala aliyeupata aliuimarisha zaidi, na kadiri ulivyoimarishwa ndivyo ulivyozidi kutamaniwa. Wakazi wake walilipa gharama ya mzunguko huo kwa karne nyingi bila ya kuulizwa.

963–1443: Kasri la Bock na kuta tatu

Mwaka 963 Siegfried, mtemi wa nasaba ya Ardennes, alibadilishana ardhi na abasia ya Mtakatifu Maximin ya Trier, yaani nyumba ya watawa iliyokuwa na mashamba mengi katika eneo hilo, akapata mwamba wa Bock pamoja na ngome ndogo iliyoitwa Lucilinburhuc. Hati ya mabadilishano hayo ndiyo ambayo Waluxembourg huihesabu kuwa cheti cha kuzaliwa kwa nchi yao. Siegfried akajenga kasri juu ya mwamba, na nyuma ya kasri, upande wa nchi kavu, pakakua soko, makanisa na nyumba za mafundi.

Mji ulipopanuka, ukuta wa kwanza haukutosha, ukajengwa wa pili, kisha wa tatu katika karne za 14 na 15, ambao uliyakumbatia pia makazi ya bondeni. Sehemu ya ukuta huo wa tatu inaitwa hadi leo kwa jina la Wenceslas, mmoja wa watawala wa nasaba ya Luxembourg. Nasaba hiyo ilipanda sana katika karne ya 14: ilitoa wafalme wa Ujerumani na wa Bohemia, na mwaka 1354 mmoja wao, Charles IV, aliipandisha nchi ya mababu zake hadhi ikawa miongoni mwa tawala kubwa za kitemi. Lakini macho ya watawala hao yalikuwa Prague na kwingineko, nchi yenyewe ikawekwa rehani mara kadhaa ili kulipia madeni ya siasa zao.

Udhaifu huo ulionekana usiku mmoja wa Novemba 1443, wakati askari wa Philip Mwema, mtawala wa Burgundia, walipoingia mjini kwa kushtukiza. Kuta tatu hazikusaidia kitu dhidi ya wavamizi walioingia watu wakiwa wamelala. Tangu usiku huo Luxembourg ikawa mali ya mataifa makubwa, na hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka mia nne.

1443–1684: Baruti, bastioni na mashimo ya kwanza

Kwa njia ya ndoa na urithi, ardhi za Burgundia ziliangukia mikononi mwa nasaba ya Habsburg, na kuanzia karne ya 16 mji ukawa chini ya tawi la nasaba hiyo lililotawala Hispania. Wakati huohuo sanaa ya vita ilikuwa imebadilika. Ukuta mrefu wa zama za kati ulikuwa kinga nzuri dhidi ya ngazi na mishale, lakini ulibomoka haraka mbele ya risasi ya chuma iliyorushwa na mzinga. Wahandisi wa Kiitaliano wakabuni aina mpya ya ngome: ukuta mfupi na mnene uliojazwa udongo, wenye bastioni kwenye pembe zake, yaani majukwaa yenye ncha yanayojitokeza nje ili mizinga iliyo juu ya jukwaa moja iweze kufagia uso wa ukuta wa jukwaa la pili, pasiwe na mahali popote ambapo adui anaweza kujibanza.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaifahamu sanaa hii kwa macho. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ni ya mtindo huohuo, na uhusiano hauishii kwenye mtindo: Philip II wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno na kwa hiyo ngome ya Mombasa ilijengwa kwa jina lake, ndiye pia aliyekuwa mtawala wa Luxembourg. Mwamba wa tumbawe wa Mombasa na mwamba wa mchanga wa Alzette vilihudumia hazina moja na hofu zilezile.

Kwa Hispania, Luxembourg ilikuwa kituo kwenye njia ya nchi kavu iliyopitisha askari na fedha kutoka Milan hadi Flanders, ambako vita dhidi ya Waholanzi viliendelea kwa miaka themanini. Ufaransa, iliyojiona imezingirwa na milki za Habsburg, ilikuwa na kila sababu ya kuikata njia hiyo. Ndiyo maana Wahispania walizidisha kazi katika karne ya 17, na ndiyo maana mwaka 1644 walianza kuchimba kasemati za kwanza upande wa bonde la Pétrusse, chini ya bastioni inayobeba jina la Jean de Beck.

Inafaa kumtaja Beck kwa zaidi ya jina la bastioni yake. Alikuwa mzaliwa wa mji wa Luxembourg, mtoto wa familia ya kawaida, akaingia jeshini, akapanda cheo hadi akawa jenerali na gavana wa mji alikozaliwa, jambo lililokuwa nadra katika majeshi ya zama hizo, ambamo vyeo vya juu vilikuwa vya watoto wa makabaila. Alifariki mwaka 1648 kutokana na majeraha ya vita vya Lens. Katika orodha ndefu ya wageni waliouchonga mwamba huu, yeye ni miongoni mwa wachache waliokulia juu yake.

1684–1697: Vauban auteka mji kisha aujenga upya

Louis XIV wa Ufaransa aliutaka mji huo na hakuficha. Katika majira ya baridi ya mwaka 1683 majeshi yake yaliuzingira na kuupiga kwa mizinga, na katika masika ya mwaka 1684 yalirudi kwa mazingiwa rasmi, yakiongozwa na Jemadari de Créqui, huku kazi ya uhandisi ikiwa mikononi mwa Sébastien Le Prestre de Vauban, bingwa wa ngome ambaye hakuwa na mpinzani katika Ulaya ya wakati wake. Mwanamfalme wa Chimay, aliyeulinda mji kwa niaba ya Hispania, alisalimu amri mwanzoni mwa Juni.

Njia aliyoitumia Vauban inaeleza kwa nini mashimo ya chini yaliongezeka baadaye. Washambuliaji hawakukimbilia ukutani wakiwa wazi. Walichimba mahandaki sambamba na ukuta, kisha mengine ya kusogea mbele kwa kupindapinda, wakijikinga na udongo waliouchimba, hadi wakafika miguuni pa ngome. Hapo waliweza kuchimba tundu chini ya ukuta, kulijaza baruti na kuurusha ukuta hewani. Mlinzi hakuwa na jibu ila kuchimba naye: alitoa njia nyembamba kutoka ndani ya ngome hadi nje ya kuta, chini ya ardhi ambayo adui angepita, ili amsikie akija na amlipue kabla hajalipua yeye. Vita hivyo vya gizani vilipiganwa kwa masikio. Katika ngome za Ulaya mlinzi aliweka ngoma sakafuni akatandaza mbaazi kavu juu ya ngozi yake, na mbaazi zikianza kurukaruka alijua kwamba sururu ya adui haiko mbali.

Baada ya ushindi, Vauban aliuangalia mji alioupasua na kuanza kuujenga. Watu wapatao 3,000 walifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 1684 hadi 1688. Alisogeza ulinzi nje, kwenye vilima vinavyouelekea mji, ili adui asipate mahali pa kuweka mizinga juu yake. Alipanua njia za chini ya ardhi. Na alijenga kambi za askari kwenye nyanda za Rham na za Roho Mtakatifu. Kambi hizo zilikuwa nafuu kubwa kwa raia, kwani kabla yake askari walilala katika nyumba za wenyeji, wakila kwao na kutumia kuni zao. Mwaka 1687 Louis XIV alikuja mwenyewe kuiona kazi hiyo. Miaka kumi baadaye alilazimika kuirudisha Luxembourg kwa Hispania kwa mkataba wa amani wa Ryswick, na Hispania ikapokea ngome bora kuliko ile iliyoipoteza.

1714–1795: Waaustria na moyo wa Bock

Vita vya kugombea kiti cha Hispania vilipokwisha, mikataba ya amani iliipa Luxembourg tawi la Austria la nasaba ya Habsburg. Hapo ndipo kazi ya chini ya ardhi ilipofikia kilele chake. Chini ya gavana Neipperg na mhandisi Simon de Beauffe, mwamba wa Bock ulitobolewa kati ya mwaka 1737 na 1746, na kutoka mwamba uliobeba magofu ya kasri la Siegfried pakapatikana ngome nzima isiyo na ukuta wa kuonekana.

Mpango wake unaeleweka vizuri ukitazamwa kutoka ndani. Katikati inapita njia kuu, iliyochongwa mwaka 1745, yenye urefu wa mita 110 na upana unaofika mita 7, pana kiasi cha kupitisha gari la mzinga. Kutoka njia hiyo matawi yanakwenda kulia na kushoto, na kila tawi linaishia kwenye chumba chenye tundu linalotazama bondeni: upande mmoja kitongoji cha Grund, upande wa pili Clausen na Pfaffenthal. Matundu ya mizinga yalikuwa 25. Kwa kuwa mwamba ni mwembamba, mzinga uliogeukia kusini ulikuwa karibu sana na uliogeukia kaskazini, na kikosi kimoja kiliweza kuyatawala mabonde yote mawili bila kutoa kichwa nje. Matundu hayo yaliingiza mwanga na kutoa moshi, jambo lisilokuwa dogo, kwa maana moshi wa baruti katika chumba cha mawe ungeweza kumshinda mpiga mzinga kabla ya risasi ya adui kumfikia. Kisima kilichimbwa hadi kina cha mita 47 ili walinzi wasikatiwe maji. Katika kasemati za mji kwa jumla palikuwa na karakana, majiko, tanuri za mikate, machinjio na nafasi za farasi. Yaani mji wa pili chini ya ule wa kwanza, uliokusudiwa kuendelea kuishi hata kama wa juu ungewaka moto. Mwaka 1735 lilikuwa limekwisha jengwa pia daraja la mawe linalounganisha Bock na mji, lenye njia nne za kuvukia katika viwango tofauti, mojawapo ikiwa imefichwa chini ya ardhi, ili walinzi waweze kupita hata barabara ya juu ikiwa chini ya risasi.

Nje ya mji Waaustria waliongeza ngome ndogo kwenye vilima, mojawapo ikiwa ngome ya Thüngen ya mwaka 1732 kwenye uwanda wa Kirchberg, yenye njia yake ya chini ya ardhi ya kuiunganisha na ngome nyingine. Kutokana na yote haya Luxembourg ikapata sifa ya kuwa Gibraltar ya Kaskazini.

Sifa hiyo ilijaribiwa mara moja tu, na jaribio lenyewe lilifundisha jambo ambalo wachoraji wa ngome hawakulipenda. Mnamo Novemba 1794 majeshi ya Mapinduzi ya Ufaransa yalifika mbele ya mji. Hayakupoteza watu kwa kuyapanda magenge. Yaliziba njia zote na kusubiri. Mkuu wa walinzi, Jemadari mzee Blasius Columban von Bender, aliweka makao yake katika chumba cha mizinga cha Bock, chini ya barabara, na mizinga ya kasemati haikupigwa sana, kwa kuwa adui hakuja mbele yake. Miezi ikapita, akiba ya chakula ikaisha, na mwanzoni mwa Juni 1795, baada ya takriban miezi saba, Bender alisalimu amri. Mwamba ulishindwa na njaa, na njaa haina haja ya kutoboa ukuta.

1815–1867: Ngome ya Prussia na mgogoro ulioitia Ulaya tumbo joto

Baada ya kuanguka kwa Napoleon, Mkutano wa Vienna wa mwaka 1815 uliitengenezea Luxembourg hadhi isiyokuwa rahisi kueleweka. Ilifanywa nchi ya mtemi mkuu, cheo kilichopewa mfalme wa Uholanzi William I; papo hapo iliingizwa katika Shirikisho la Ujerumani, yaani muungano wa dola za Kijerumani zilizoahidiana kulindana; na ngome yake ikawekwa chini ya walinzi wa Prussia. Mtu wa mjini alikuwa raia wa mtemi wa Kiholanzi, akiishi chini ya macho ya askari wa Kiprussia, katika nchi ambayo mwaka 1839 ilikatwa vipande viwili na sehemu ya magharibi ikapewa Ubelgiji.

Maisha ndani ya ngome yalikuwa ya kubanwa kwa maana halisi ya neno. Kuta, mahandaki na ngome ndogo zilichukua hekta zipatazo 180, wakati mji wenyewe ulikuwa na hekta 120 tu. Malango yalifungwa usiku. Nje ya kuta hapakuruhusiwa kujengwa nyumba za mawe ambazo adui angeweza kujificha ndani yake, na reli ilipofika mwaka 1859, kituo cha treni kilijengwa ng'ambo ya bonde la Pétrusse, tena kwa mbao, ili kiweze kuteketezwa haraka ikitokea vita. Mji uliokuwa ukisubiri viwanda na biashara uliletewa treni mpaka mlangoni, ukanyimwa nafasi ya kukua.

Mwaka 1866 Prussia iliishinda Austria, na Shirikisho la Ujerumani likavunjika. Swali likazuka mara moja: ikiwa shirikisho halipo, askari wa Prussia wako Luxembourg kwa haki gani? Napoleon III wa Ufaransa, aliyehitaji ushindi wa kuwaonyesha watu wake, alitaka kuinunua nchi hiyo kutoka kwa William III, mfalme wa Uholanzi na mtemi mkuu, ambaye alikuwa tayari kuiuza kwa guilder milioni tano. Habari zilipotoka, hasira iliwaka Ujerumani, Bismarck, kiongozi wa serikali ya Prussia, akaweka pingamizi, na kwa wiki kadhaa vita kati ya Ufaransa na Prussia vilionekana kuwa karibu. Henry, ndugu yake William aliyeiwakilisha nasaba nchini Luxembourg, aliupinga mpango huo wa mauzo, na wenyeji nao hawakuwa wametakwa shauri.

Mataifa makubwa yalikutana London, na tarehe 11 Mei 1867 yakatia saini mkataba. Luxembourg ilitangazwa kuwa nchi isiyofungamana na upande wowote, kutofungamana kwake kukadhaminiwa na mataifa hayo. Prussia ikatakiwa kuondoa askari wake. Na ngome ikatakiwa kubomolewa isijengwe tena. Mantiki ilikuwa nyoofu: kitu kinachogombewa kikiondolewa, ugomvi nao huondoka. Askari wa mwisho wa Prussia waliondoka mjini Septemba mwaka huohuo.

1867–1883: Kubomoa kisichobomoleka

Kazi ya kubomoa ilichukua miaka 16 na kuigharimu nchi hiyo maskini faranga milioni moja na nusu. Ngome ndogo 24 na ukanda wa kuta vililipuliwa au kubomolewa, mahandaki yakafukiwa, mawe yakauzwa yakaingia kwenye nyumba mpya. Penye kuta za magharibi pakatokea barabara pana, na kwenye sehemu ya ardhi iliyoachwa wazi Mfaransa Édouard André, mpangaji wa bustani, alichora bustani ambazo bado zinauzunguka mji wa kale kwa upande huo. Mji uliofungiwa kwa karne tisa ulipata kupumua, na ni vigumu kumlaumu mkazi wa wakati huo aliyeona kila kishindo cha baruti kuwa habari njema.

Lakini mkataba haukuweza kutekelezwa chini kama ulivyotekelezwa juu. Kulipua kasemati kungeangusha mwamba, na juu ya mwamba kulikuwa na mji: makanisa, ofisi za serikali, nyumba za watu. Kilichofanyika ni kuziba milango na kukata njia kuu zilizounganisha sehemu moja na nyingine, ili mtandao usiweze tena kutumika kama ngome moja. Kwenye Bock majengo ya juu yaliondolewa mwaka 1874 na 1875, na mabaki ya mnara mmoja wa kale, ambayo wenyeji huyaita Jino Tupu, yaliachwa yasimame kwa ajili ya sura yake ya kupendeza. Matundu ya mizinga yalibaki wazi kwenye genge, bila mizinga. Wahispania, Wafaransa na Waaustria walichimba ili kazi yao isifikiwe na baruti ya adui, na kwa namna ambayo hawakuitazamia, ilinusurika pia na baruti ya mkataba wa amani.

1914–1945: Makazi ya raia

Dhamana ya mataifa haikudumu. Tarehe 2 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Luxembourg, na tarehe 10 Mei 1940 yaliingia tena, safari hii yakifuatwa na utawala wa Kinazi uliotaka kuifuta kabisa nchi hiyo isiwe tena taifa. Kati ya vita hivyo viwili, mwaka 1933, kasemati za Bock na za Pétrusse zilikuwa zimefunguliwa kwa wageni wa kawaida, na huenda hakuna aliyefikiri kwamba wenyeji wenyewe wangezihitaji tena hivi karibuni.

Walizihitaji. Katika Vita vya Pili vya Dunia kasemati ziligeuzwa kuwa makazi ya kujikinga na mabomu, zikiwa na nafasi ya hadi watu 35,000. Haja hiyo haikuisha mji ulipokombolewa na Wamarekani tarehe 10 Septemba 1944, kwa sababu kuanzia tarehe 30 Desemba Wajerumani waliupiga mji huo kwa mizinga ya masafa marefu iliyofichwa kwenye mteremko wa kilima huko Lampaden, umbali wa takriban kilomita 40, ambayo makombora yake yaliwaangukia raia hadi Februari 1945. Kwa historia yote iliyotangulia, vyumba hivi vilichongwa kuwalinda askari na mizinga yao, na raia wa juu wakaachiwa paa za nyumba zao. Ni katika karne ya 20 tu ambapo mwamba ulimfunika mwananchi aliyeulipia.

Ngome katika mikono ya wageni

Mnamo mwaka 1994 shirika la UNESCO liliingiza mitaa ya kale na ngome za Luxembourg katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mapema katika muongo huo wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wamefukua mabaki ya kasri la Bock, na sasa yeyote anayeingia kasemati za Bock huanzia kwenye ukumbi wa chini ulioyahifadhi mabaki hayo, kisha hupita karne nane za ujenzi kwa hatua chache.

Mgeni anayetaka kuielewa ngome hii hufanya vizuri asiharakishe kwenda kwenye matundu yenye mandhari, ingawa ndiyo yanayopigwa picha zaidi. Atazame kwanza kuta za njia. Alama za tindo zingali zinaonekana kwenye jiwe, mistari mifupi ya mshazari iliyopangana, kila mmoja ukiwa pigo moja la mtu mmoja. Kisha atazame unene wa mwamba kwenye tundu la mzinga, jinsi tundu linavyopanuka kuelekea nje ili mdomo wa mzinga ugeuke kulia na kushoto. Ngazi za mzunguko ni nyembamba na za mwinuko mkali, baridi ya mwamba haibadiliki sana kiangazi wala masika, na maji huchuruzika hapa na pale, kwa kuwa jiwe la mchanga hunyonya mvua ya juu na kuiachia taratibu. Askari wa miaka ya 1740 aliishi katika unyevunyevu huo kwa zamu ndefu, bila koti jepesi la mtalii.

Kasemati za Pétrusse zina tabia nyingine. Mlango wake uko kwenye Uwanja wa Katiba, juu ya iliyokuwa bastioni ya Beck, ambapo tangu mwaka 1923 imesimama sanamu ya mwanamke aliyepakwa dhahabu, kumbukumbu ya Waluxembourg waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wavamizi wa Kinazi waliiangusha sanamu hiyo mwaka 1940 na ilirejeshwa mahali pake mwaka 1985. Humo chini huingiwa pamoja na kiongozi, na baada ya kufungwa kwa miaka kadhaa kwa matengenezo, zimefunguliwa tena.

Ng'ambo ya bonde la Alzette, kwenye uwanda wa Kirchberg, ngome ya Thüngen imejengwa upya juu ya misingi yake na tangu mwaka 2012 ni jumba la makumbusho ya ngome na ya historia ya nchi. Nyuma yake limesimama jumba la sanaa ya kisasa lililochorwa na I. M. Pei, ambalo mistari yake inafuata pembe za ngome ya zamani, na mbele kidogo yako majengo ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na ya taasisi nyingine za Umoja huo. Ufaransa, Ujerumani, Hispania, Austria na Uholanzi, ambazo kwa zamu ziliushika mji huu au kuugombea, leo hupeleka mashauri yao kwenye uwanda ambao mizinga yake iliwekwa ili kuzizuia. Mwanafunzi wa historia anayetoka Bock asubuhi anaweza kufika huko kwa miguu, akishuka hadi mtoni na kupanda upande wa pili, na njiani atapita chini ya matundu yaleyale aliyokuwa akichungulia kutoka ndani.